Simbi Zilipokuwa Fedha ya Buhaya

Konokono mwenyewe hana makuu. Anaishi kwenye maji ya kufika kifundo cha mguu, juu ya mwamba na katikati ya majani ya bahari, kuanzia pwani ya Lamu, Unguja na Mafia hadi Msumbiji, na ng'ambo ya pili ya Bahari ya Hindi. Usiku hutambaa akila utando wa kijani unaoota juu ya mawe. Mchana hujificha chini ya jiwe. Gamba lake halizidi sana urefu wa sentimita mbili na nusu. Mgongoni lina rangi ya maziwa iliyochanganyika na kijivu, limezungushiwa mstari wa dhahabu kama pete, na chini lina ufa mrefu wenye meno pande zote mbili. Mwaka 1758 Carl Linnaeus, bingwa wa Uswidi wa kupanga majina ya viumbe, alimpa jina la Kilatini lenye maana ya pete hiyo, na leo wataalamu humwandika Monetaria annulus. Ndugu yake wa karibu, Monetaria moneta, ni mdogo zaidi na rangi yake huelekea manjano. Huyo ndiye aliyevunwa kwa wingi katika visiwa vya Maldivi. Watu wa pwani waliwaita wote kauri au simbi. Wahaya waliziita ensimbi.

Mng'ao wa gamba hautokani na kusuguliwa na mawimbi. Konokono huyu ana ngozi laini mbili anazozitoa ubavuni na kulifunika gamba lake lote akiwa hai, nazo ndizo zinazolipaka tabaka jipya na kulikinga lisikwaruzwe. Akiwa mchanga, gamba lake ni jembamba na limejisokota kama la konokono wa kawaida. Akishakomaa, ukingo wa mlango hukunjika kwa ndani, meno yanaota, na tangu hapo harefuki tena, hunenepesha gamba tu. Ndiyo maana simbi elfu moja zilizookotwa katika fungu moja hulingana kwa kiasi cha kushangaza. Mungu alikuwa amekwisha kutengeneza sarafu kabla mwanadamu hajafikiria kuwa na hazina: ni ngumu, haiozi, hailiwi na panya, haiungui kwa urahisi, na hakuna fundi awezaye kuighushi kwa gharama inayomlipa.

Wavunaji walikuwa zaidi wanawake na watoto. Maji yalipokupwa, hasa siku za bamvua, walitembea juu ya mwamba wakipindua mawe na kuokota. Simbi zilifukiwa mchangani au kulundikwa juani mpaka nyama ikaoza na kutoka, kisha zikaoshwa. Kazi hiyo ilikuwa na harufu mbaya na malipo yake yalikuwa madogo. Pwani yenyewe haikuzihesabu simbi kuwa fedha. Kilwa ilikuwa ikifua sarafu zake za shaba karne nyingi kabla ya Wareno, na katika karne ya 19 mfanyabiashara wa Unguja alihesabu mali yake kwa reale ya fedha ya Maria Theresa. Mtu aliyetaka kununua samaki Forodhani kwa simbi angechekwa.

Hapo ndipo habari hii inapoanza kunoga. Kitu ambacho mtoto wa Kizimkazi huko Unguja alikichezea mchangani kilikuwa, mwendo wa miezi mitatu kuelekea magharibi, fedha halali ya kununulia mbuzi.

Mtu wa zamani aliyeliona jambo hili kwa macho yake ni msafiri Ibn Battuta. Alipita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, na miaka kama kumi na mbili baadaye akawa kadhi huko Maldivi. Aliandika kwamba visiwani humo dinari moja ya dhahabu ilibadilishwa kwa simbi laki nne, na wakati mwingine ziliposhuka bei, hadi milioni moja na laki mbili. Baadaye alivuka Sahara akafika Mali, akakuta dinari hiyohiyo inapata simbi 1,150 tu. Kati ya Maldivi na Mali simbi haikubadilika chochote ila mahali ilipo.

Sasa tuje kwenye nyanda za juu za magharibi ya Ziwa Viktoria. Buhaya, nchi ambayo leo ni wilaya za Bukoba, Missenyi na Muleba, ilikuwa imegawanyika katika himaya kadhaa ndogo: Kiziba upande wa kaskazini chini ya Babito, na Kianja na Ihangiro chini ya wafalme wa ukoo wa Bahinda, ambao ndugu zao walitawala Karagwe pia. Ihangiro ndiyo sehemu kubwa ya Muleba ya leo, pamoja na visiwa vyake, Bumbire kikiwa kimojawapo. Haikuwa nyika tupu. Watu waliishi kwa kubanana katika vijiji vya migomba, wakaitegemea ndizi kwa chakula na kwa pombe. Ufundi wa chuma ulikuwa wa kale mno. Huko Katuruka, karibu na Maruku, wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta mabaki ya tanuri za kuyeyushia chuma za miaka ipatayo elfu mbili iliyopita. Na kulikuwa na kahawa, amwani, iliyochumwa ikiwa bado haijaiva, ikachemshwa pamoja na majani ya harufu nzuri, ikakaushwa, ikatafunwa. Mgeni alipokewa kwa punje hizo kabla hajaulizwa shida yake. Mikahawa haikuwa mali ya kila mtu. Mukama (wingi Bakama), yaani mfalme, alikuwa na neno juu ya nani aipande.

Nchi ya namna hiyo ina mahitaji ambayo nyika haina. Mtu anataka mkungu mmoja wa ndizi, kibuyu cha lubisi (pombe ya ndizi), samaki wawili, kifungu cha kahawa, jembe la mpini mfupi. Kwa mambo madogo kama hayo ng'ombe ni mkubwa mno na mbuzi naye ni mkubwa mno. Nguo ya mikono minne haikatiki bila kupoteza thamani. Tazama Wanyamwezi: misafara yote iliyobeba simbi ilipita kwao, tena wao wenyewe ndio waliozibeba mabegani, lakini Unyamwezi haukuzifanya fedha. Kule watu walitaka nguo, shanga, waya wa shaba na majembe. Kwa hiyo wanaosema simbi ilipata thamani kwa sababu tu ilitoka mbali wanasema nusu ya jambo. Umbali uliizuia isizagae. Magulio ya watu wengi na wafalme waliotoza ushuru na faini ndio walioipa kazi. Maoni yangu ni kwamba Bakama walichangia zaidi kuliko bahari.

Jinsi simbi zilivyofika mara ya kwanza inasimuliwa zaidi upande wa Buganda, jirani mkubwa aliyekuwa akizitoza himaya za Buhaya kodi na kuzitisha kwa mitumbwi yake. Masimulizi ya Kiganda yaliyokusanywa na Apolo Kaggwa yanasema simbi zilikuja wakati wa Kabaka Semakokiro, yaani kuelekea mwisho wa karne ya 18 au mwanzo wa ile ya 19. Kabla yake watu walitumia shanga na vijisahani vya pembe ya ndovu. Mwanzoni simbi zilikuwa chache kiasi kwamba masimulizi yanasema mbili tu zilitosha kumnunua mwanamke. Usomi wa leo hauwezi kulipita neno hilo kimyakimya: simbi ilinunua watu, huku kama ilivyonunua watu Afrika Magharibi, na katika njia hiyohiyo ya Karagwe iliyopandisha simbi ndimo walimoteremka watumwa na pembe kuelekea Tabora na Bagamoyo.

Baadaye, zilipoongezeka, zilitobolewa mgongoni na kutungwa kwenye nyuzi za mia mia. Mmisionari John Roscoe, katika kitabu chake cha mwaka 1911 juu ya Waganda, aliandika bei za zamani: ng'ombe simbi 2,500, mbuzi dume 500, kuku 25. Ukizitazama bei hizo unaona jambo lililoipa simbi nguvu. Kutoka ng'ombe hadi kuku, na kutoka kuku hadi ndizi ya kutia mdomoni, hesabu ni moja, haikatiki popote. Reale ya Unguja, pamoja na fahari yake, haikuweza kazi hiyo.

Waarabu na Waswahili walifika nchi za ziwa katika miaka ya 1840. Ahmed bin Ibrahim anajulikana kuwa alifika kwa Kabaka Suna mwaka 1844. Njia ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Unyanyembe, ikapanda kaskazini kwa Wazinza hadi Karagwe, ambako wafanyabiashara walikuwa na makao yao Kafuro, jirani na ikulu ya Bweranyange. Richard Burton, aliyekaa Kazeh (Tabora ya sasa) mwaka 1857 na 1858, hakufika Karagwe. Habari zake alizipata kwa Snay bin Amir, Mwarabu aliyewahi kufika huko mwenyewe, na simbi zilikuwa miongoni mwa bidhaa za njia ile. John Speke na James Grant walifika kwa Rumanika wa Karagwe Novemba 1861, na Januari mwaka uliofuata Speke akavuka mto Kagera kwenda Buganda.

Fikiria gharama. Mzigo wa pagazi ulikuwa wa ratili 60 hadi 70. Akibeba nguo au shanga nzuri, amebeba mali nyingi. Akibeba simbi, amebeba maelfu kadhaa ya vitu vizito vya thamani ndogo, na njiani lazima ale, alipwe, na mkuu wa msafara alipe hongo kwa kila mtemi. Msafara ulibeba simbi pale tu zilipokuwa bado chache na ghali kule ziendako. Hiyo ndiyo iliyokuwa benki kuu ya Buhaya kwa miaka hamsini: mabega ya Wanyamwezi. Simbi zisingeweza kufurika, kwa sababu zikishuka bei hakuna aliyekubali kuzibeba.

Upande wa pili wa bara hali ilikuwa kinyume, na inafaa kuitaja kwa sababu ni konokono yuleyule. Katikati ya miaka ya 1840 wafanyabiashara wa Hamburg, kampuni ya Hertz kwanza na O'Swald baadaye, waligundua kwamba simbi za Unguja zilipatikana kwa bei ndogo kuliko za Maldivi, na wakaanza kuzipeleka kwa meli moja kwa moja hadi Lagos na Ouidah kununulia mafuta ya mawese. Meli haichoki wala haidai posho. Katika miongo michache simbi ziliporomoka huko mpaka watu wakawa wanahesabu kwa magunia. O'Swald walikuwa na nyumba yao ya biashara Unguja tangu 1849. Simbi zilizopakiwa hapo kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema ziliiharibu fedha ya mataifa ya Afrika Magharibi, wakati zile zilizopanda kwa miguu kwenda Karagwe zilibaki na heshima yake.

Ziwa nalo lilikuwa barabara. Mwaka 1875 Henry Morton Stanley alifika Bumbire na mashua yake, Aprili 28, akitafuta chakula. Kwa masimulizi yake mwenyewe, wenyeji waliivuta mashua yake nchi kavu, wakataka hongo ya nguo na shanga, kisha wakachukua makasia yake. Akatoroka kwa risasi. Agosti alirudi na mitumbwi na bunduki, akawapiga watu wa kisiwa kutoka majini, mahali ambapo mishale yao haikufika, akaua makumi. Magazeti ya Ulaya yenyewe yalimlaani. Mara nyingi kisa hiki husimuliwa kama ukatili wa mtu mmoja, nao ulikuwa ukatili. Lakini kinaonyesha pia kwamba watu wa Ihangiro walijua wanachokidai. Kila apitaye na bidhaa hulipa, na desturi hiyo ilikuwa ikitumika kutoka Ugogo hadi visiwani.

Novemba 1890 Emin Pasha, akiwa wakati huo mtumishi wa Wajerumani, alipandisha bendera Bukoba na kuacha boma. Miaka miwili baadaye Wamisionari wa Afrika, wakikimbia vita vya Mengo huko Buganda pamoja na waumini wao Waganda, walijenga misheni Kashozi. Serikali ilikuwa na sarafu zake tayari, rupia na pesa zilizofuliwa kwa jina la Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, pesa zikiwa na maandishi ya Kiarabu upande mmoja. Rupia moja ilikuwa pesa 64. Zilikuwa sarafu nzuri kwa Dar es Salaam. Gulioni hapa, pesa moja ilikuwa bado kubwa kuliko kitu anachotaka mama wa ndizi, kwa hiyo simbi ziliendelea.

Kilichoziua ni vitu viwili vilivyofika karibu wakati mmoja, na kimojawapo kilifika upande wa Waingereza. Desemba 1901 reli ya Uganda ilifika Kisumu. Meli ndogo iliyoitwa William Mackinnon ilikuwa imekwisha kuanza kuelea ziwani, na baada ya muda mfupi zikafuata Winifred na Sybil. Safari ya miezi mitatu ikawa ya siku chache. Kahawa na ngozi za Bukoba zikaanza kuteremka Mombasa, jambo lililowafurahisha wafanyabiashara wa Kihindi waliofungua maduka mjini. Na lile bega la pagazi lililokuwa likizuia simbi zisifurike likaondoka. Behewa moja lingeweza kupandisha simbi nyingi kuliko msafara mzima wa zamani.

Kitu cha pili kilikuwa kodi. Mkataba wa Uganda wa 1900 uliweka kodi ya nyumba ya rupia tatu. Simbi zilikwisha kushuka sana katika miaka ya 1890, na kufikia 1901 rupia moja ilikuwa simbi 800 na zaidi. Kwa hesabu hiyo kodi ya nyumba moja ilikuwa simbi 2,400, uzito unaozidi kilo tatu. Karani wa kodi wa saza (jimbo) moja lenye nyumba elfu tano angelazimika kuhesabu simbi milioni kumi na mbili, moja moja, na kuzitafutia ghala. Serikali ya Entebbe ikaacha kuzipokea. Fedha ambayo mtawala haipokei haifi siku hiyohiyo, ila kila mtu anaanza kutafuta mjinga wa kumwachia.

Wajinga wa Uganda walipungua, simbi zikavuka mpaka. Mto Kagera haukuwahi kuwa ukuta kati ya Kiziba na Buganda. Wajerumani nao walikuwa na sheria yao ya kodi ya nyumba tangu 1897, nao hawakutaka simbi. Walitaka rupia, na njia ya Mhaya kuipata rupia ilikuwa kuuza kahawa au kwenda kubeba mizigo na kufanya kazi kwa wengine. Mwaka 1904 pesa 64 zikafutwa, rupia ikagawanywa kwa heller mia moja, na hatimaye kukawa na sarafu ndogo ya kutosha gulioni. Bukoba ilipofanywa makao ya Residenti mwaka 1906, chini ya Kapteni von Stuemer, msukumo wa kupanda mikahawa ukazidi, na ile amri ya Bakama juu ya miche ikalegea. Kahigi wa Kianja, aliyejua kusoma upepo kuliko wenzake wote, alistawi katika utaratibu huo mpya.

Wenye hasara hawana majina katika vitabu. Ni wanawake wauza pombe na wauza samaki, vijana waliokuwa wakijaza nyuzi kwa ajili ya mahari, wazee waliofukia vyungu vya simbi chini ya mgomba. Hapakuwa na siku ya kubadilisha wala dirisha la kubadilishia. Msomaji aliyewahi kuona noti zake zikitangazwa kuwa si halali ifikapo tarehe fulani anajua kwamba angalau yeye alipewa tarehe.

Simbi hazikutoweka. Zilibaki kwenye vazi la embandwa, watumishi wa mizimu waliohudumu kwa Wamara na kwa Mugasha, bwana wa ziwa. Zilibaki kwenye mikufu, kwenye vyombo vya waganga, kwenye sadaka zilizowekwa pamoja na punje za kahawa. Katika kazi hizo uzito na idadi havikuwa tatizo, na hakukuwa na karani.

Mambo ya fedha yenyewe hayakutulia. Juni 1915 Waingereza walivamia Bukoba kwa meli, wakavunja kituo cha simu ya upepo, wakaondoka. Mwaka uliofuata wakarudi na kubaki. Katikati ya vita Wajerumani, wakiwa wamekatiwa njia ya baharini, walichapa noti za dharura na kufua Tabora sarafu za shaba nyekundu na za shaba ya njano, hata chache za dhahabu za rupia 15. Noti zile zikabaki karatasi. Zikaja rupia za Kihindi, kisha mwaka 1920 florini, ambayo haikudumu hata miaka miwili, kisha shilingi yenye simba aliyesimama mbele ya milima, ya mwaka 1921. Mtu wa Ihangiro aliyezaliwa mwaka wa shambulio la Bumbire alikuwa na umri wa miaka 46 hivi mwaka huo, na alikuwa amekwisha kushika fedha za aina saba.

Na watawala, kila mmoja kwa wakati wake, walijifunza jambo moja kutoka kwa simbi. Watu hawa hawakuwa na mifuko kwenye nguo. Fedha yao ilitungwa kwenye uzi na kuvaliwa au kuning'inizwa. Senti ndogo za Uganda na Afrika Mashariki za mwaka 1907 zilikuwa na tundu katikati. Heller kumi ya Wajerumani iliyotoka 1908 nayo ilikuwa na tundu. Senti kumi na senti tano zilizotumika Bukoba chini ya Waingereza zilikuwa nalo pia, mpaka uhuru ukafika, na watu waliendelea kuzitunga kwenye kamba vilevile.